Mwisho wa Nane

Nchi isiyo na kaburi haina mwenyewe. Sheria ilikuwa fupi hivyo, na kwa kuwa ilikuwa fupi ilibebeka, na kwa kuwa ilibebeka ilitembea. Ilitembea kuelekea jua linakozama, ikitanguliwa na ng'ombe, ikifuatwa na mabati yaliyong'olewa, milango isiyo na nyumba, matenga ya kuku, na mwanamke mmoja aliyeketi kwenye mkokoteni wa katikati akiwa amepakata sanduku la mvule. Mwanamke huyo aliitwa Mwavita. Jina hilo halikuwa limetamkwa na mtu kwa miaka ambayo hakuna aliyejua ni mingapi, naye mwenyewe alilijaribu mara mojamoja moyoni, kama mtu anayejipima nguo ya zamani aone kama bado inamwenea. Watu walimwita Mama Mjane. Ndani ya sanduku alikuwamo mumewe, Makange, au kile kilichosalia cha Makange.

Taifa lao lilikuwa changa, na taifa changa lina shida moja ambayo mataifa makongwe hayaijui: halina wafu wa kutosha. Kwingine ukichimba choo unakutana na babu wa mtu. Wao walikuwa na maiti mmoja tu wa kuanzia. Katika kambi ya kwanza kabisa, ukingoni mwa mto usio na jina, watu waligombana siku tatu, nusu wakitaka kurudi walikotoka na nusu wakitaka kusonga, na siku zote hizo Makange alikuwa amelala chini ya mkokoteni akiungua kwa homa. Siku ya tatu asubuhi akafa. Wakamzika. Walipokuwa wakikung'uta udongo mikononi, mtu mmoja akasema, "Hapa tumezika. Hapa ni petu." Ni nani aliyesema hivyo, leo hajulikani, kila ukoo unadai alikuwa babu yao. Ugomvi ukaisha. Wakajenga, na mahali hapo wakapaita Mwisho, kwa sababu walikuwa wamefika.

Hawakuwa wamefika. Majani yalipungua, au watoto waliongezeka, au haikuwa lolote kati ya hayo, ila kila jioni jua liliendelea kuzama mbele kidogo ya pale walipokuwa, na jambo hilo liliwakera. Wakataka kwenda kuona. Lakini huko mbele hakukuwa na mtu wao aliyekufa, na ingawa wazalendo walikuwa wengi, wa kujitolea hakupatikana. Basi wakamfukua Makange. Waliacha ubavu mmoja ili Mwisho usikose mwenyewe, mifupa mingine wakaitia sandukuni, sanduku wakampa mkewe apakate. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wote walilitazama wakaona ni jepesi. Ndivyo ulivyopatikana Mwisho wa Pili, na wa Tatu, na mingine hadi wa Saba, na kila mmoja, siku ya kufunguliwa, Mkuu wa Msafara aliwaambia watu kwamba huu sasa ndio wenyewe.

Utaratibu haukubadilika. Mfupa mmoja, chozi la mjane, kigingi. Mfupa ulishuka shimoni, mjane akalia, na pale machozi yake yalipodondoka ndipo kigingi cha taifa kilipochomekwa. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kulia kabla yake. Taifa zima lilisimama midomo nusu wazi likisubiri jicho la mwanamke mmoja. Kigingi kikishaingia, watu walipanga foleni kumpa mkono. "Hongera, Mama," walisema. "Hongera sana."

Mara mbili za mwanzo alilia kweli. Mara ya tatu alitumia kitunguu. Kati ya Mwisho wa Tatu na wa Nne mkokoteni ulipinduka mtoni, sanduku likafunguka, mifupa mingi ikaenda na maji, na watu wema walioingia majini kuokota waliokota kila kilichokuwa cheupe. Mwavita alikuwa amechinja mbuzi wengi maishani, hakuhitaji kuambiwa. Hakusema kitu. Hadi leo Mwisho wa Nne, wenye shule na ghala na uwanja wa gwaride, unamilikiwa kihalali na mguu wa mbuzi, na siku kilipochomekwa kigingi chake mjane alitoa machozi mengi kuliko siku zote, kwa jinsi alivyokuwa akijizuia kucheka. Baada ya hapo macho yalikauka. Alifunga pilipili kwenye pindo la kanga. Huko Mwisho wa Saba hata pilipili ilishindwa, ikabidi ajitie kidole.

Sasa walikuwa wakienda tena.

Nina umri gani, aliwaza juu ya mkokoteni. Siku ya kuzika nilikuwa na miaka ishirini. Kwenye hotuba bado nina ishirini. Taifa changa haliwezi kuwa na mjane mzee. Lakini magoti ni ya nani haya? Na Makange, yeye ana miaka mingapi? Amekufa muda mrefu kuliko alivyoishi. Picha yake ya Mwisho wa Pili ina ndevu, ya Mwisho wa Tano haina, ya Mwisho wa Saba inafanana na Mkuu wa Msafara. Mimi sura yake siijui tena. Najua taya. Taya nalijua.

Taya lilikuwa chini kabisa ya sanduku, limefungwa kwenye kipande cha kanga yake ya harusi. Lilikuwa na jino la mbele lililomeguka, na lilimeguka siku ya harusi yenyewe, bwana harusi alipotaka kuwaonyesha shemeji zake kwamba anaweza kuvunja mfupa wa ng'ombe kwa meno. Alicheka huku damu zikimtoka. Kila Mwisho, Mkuu alipoingiza mkono sandukuni, Mwavita alihakikisha unatoka na kitu kingine. Sasa kitu kingine hakikuwapo. Taya ndilo lililobaki peke yake, likigonga mbao kila gurudumu lilipoingia shimoni, na Bwana Kaduma, Mkuu wa Msafara wa sasa, mtu mpole mwenye kofia pana, alikuwa ameanza kumtazama Mwavita kwa namna mpya. Alimtazama viganja na urefu wa mapaja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akifikiria mustakabali.

Mwavita alimwelewa na hakukasirika. Kufa lilikuwa jambo ambalo angelikalia kwa furaha, kama mtu anavyokalia kiti baada ya kusimama siku nzima. Kilichomtia baridi ni yale yatakayofuata, kufukuliwa na kugawanywa, kidole hapa, goti kule, bila kulala. Hakuomba kingine duniani ila mahali pamoja pa kulala, yeye na lile taya, wasiamshwe.

Wakafika kwenye nchi tupu. Nchi tupu hiyo ilikuwa na shamba la mtama katikati, limepandwa kwa mistari, na ndani ya shamba mwanamke mzee aliyefunga kitenge kiunoni alikuwa akipalilia. Bwana Kaduma alivua kofia, kwa kuwa alilelewa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na safari."

"Tumeshapoa. Mama, samahani, makaburi yenu yako upande gani?"

"Hatuna makaburi."

"Hamfi?"

"Tunakufa vizuri tu," mzee akasema. Alijiegemeza kwenye mpini wa jembe akaeleza, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni mahali pa kuchota maji. Jina lake lilikuwa Nyamizi. Watu wake waliokuwa hai walikuwa ng'ambo ya kilima, kwenye malisho, wangerudi wakati wa mavuno. Waliokufa walikuwa hapa. Mtu akifa wanamlaza shambani, mvua ya kwanza ikinyesha wanapanda juu yake, na baada ya mavuno ya pili ni mwiko kuonyesha kwa kidole mahali alipolazwa. "Akishakuwa shamba ni wa wote," alisema. "Ukisema yuko hapa, umemnyima kuwa pale."

Bwana Kaduma alisikiliza mpaka mwisho, maana ndivyo alivyofundishwa. Kisha akawageukia watu wake na kuwatangazia kwamba hakuna kaburi. Watu wakapiga makofi. Sherehe ya kigingi ikapangwa siku ya tatu, alasiri, na wanaume wakaanza kushusha mabati.

Siku ya kwanza Mwavita alikwenda kuketi kandokando ya shamba, sanduku mapajani. Hakuna aliyemuuliza, mjane na sanduku lake walikuwa kitu kimoja, na pale walipoketi watu walipita mbali kidogo kwa heshima. Nyamizi alimletea maji kwenye kata. Siku ya pili alimletea mihogo ya kuchemsha, wakala bila kuzungumza, na lilikuwa jambo la raha kukaa na mtu asiyetaka uwe mfano kwa vijana. Siku ya tatu, adhuhuri, Nyamizi alikuja na majembe mawili.

"Mgeni siku mbili," alisema. "Ya tatu mpe jembe. Mnao msemo huo huko kwenu?"

"Tunao. Ila sisi hatukai siku tatu bila kuwa wenyeji."

Nyamizi akacheka, kicheko cha puani. "Weka basi hilo sanduku chini, ulime."

Mwavita hakuliweka chini. Alikuwa amekaa nalo kwa muda mrefu hata mapaja yake yalikuwa na alama ya pembe zake. Akalifungua. Akafungua kipande cha kanga, akamwonyesha mzee taya lenye jino lililomeguka, na hapo, bila kupanga, akajikuta anasema kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu.

"Wanaimba kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa 'Songeni mbele.' Watoto wanafundishwa shuleni. Imeandikwa juu ya lango la Mwisho wa Pili. Mimi ndiye niliyekuwa naye chini ya mkokoteni, mama. Mimi peke yangu. Alinishika hapa kwenye kiwiko akasema, 'Nirudishe nyumbani.' Alisema mara mbili. Alikuwa upande wa wanaotaka kurudi."

Nyamizi alikuwa akilitazama jino.

"Na mimi nikanyamaza," Mwavita akaendelea. "Nilikuwa msichana. Watu wote walikuwa wameacha kugombana, wanakumbatiana, nikaona haya kuwaharibia. Nikasema nitawaambia kesho. Kesho wakanipa foleni ya mikono. Nimembeba miaka yote hii, mama, na kila hatua nampeleka mbali zaidi na kule alikoniomba nimpeleke. Leo alasiri wakimshusha huyu, wamemmaliza. Nataka sanduku wakilikuta, walikute tupu. Pasipo mfupa hapana kaburi, pasipo kaburi hawana la kufanya hapa. Watageuka. Nyumbani siwezi kumfikisha tena, kumeshakuwa mbali mno, na hata njia sijui kama ipo. Lakini ninyi mnajua kumlaza mtu asionekane."

Walichimba pamoja kati ya mistari miwili ya mtama, si shimo la kumtukuza mtu, shimo la kuficha mbegu. Mwavita aliliweka taya akaliacha na kanga yake. Nyamizi akafukia kwa mguu, akasawazisha kwa ubapa wa jembe, na udongo ukawa udongo. Ilichukua muda mfupi kuliko kusuka nywele. Mwavita akasimama akiwa hana kitu mikononi, na mikono yenyewe haikujua ikae wapi. Macho yake yalikuwa makavu. Alijisifu kwa hilo. Nimewaweza, aliwaza. Sina mfupa, sina chozi.

Nyamizi akamshika bega.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole kwa kufiwa."

Neno dogo hilo, ambalo mtu yeyote humwambia mtu yeyote, hata aliyejikwaa. Siku ya mazishi, kabla udongo haujakauka mikononi mwao, watu walikuwa wameshafurahi. Hongera ilikuja mapema, na pole haikupata nafasi ya kupita. Mwavita alihesabu haraka kichwani sehemu zote saba na foleni zake zote na hakulipata neno hilo hata mara moja. Kilio kikamjia. Alijaribu kukizuia, alijua vizuri anachokifanya, alibana meno na kubana macho, lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa ameyavulia nguo tangu akiwa na miaka ishirini. Akapiga magoti kati ya mtama, akalia kwa sauti, kamasi zikimtoka, akilitaja jina la mumewe kama wanavyolitaja wafiwa, akimuuliza amemwachia nani.

Bwana Kaduma alikuwa akija kumchukua kwa ajili ya sherehe. Alisimama, kofia mkononi. Nyuma yake walikuwa watu wote, wamevaa nguo za sikukuu. Kwa pumzi moja hivi hakuna aliyetikisika. Kisha, kwa kuwa mfiwa alikuwa ameanza, wa mbali wakaingia. Taifa zima likaangua kilio. Wazee waliokwishasahau kulia walilia, wengine wakaangukiana, na hakukuwa na unafiki hata chembe; kila mmoja alikuwa na wake ambaye hakuwahi kumlilia, aliyeachwa nyuma njiani akisubiri zamu yake ya kuwa na maana. Walilia mpaka ng'ombe wakaacha kula. Walipomaliza walipangusa nyuso, wakaona sanduku tupu, wakajua mfupa umeshashuka, wakaona na ardhi iliyolowa magotini pa Mwavita, na mtu akakimbia kuleta kigingi na nyundo.

"Hapo hapo," alisema Bwana Kaduma kwa sauti iliyokauka. "Sijapata kuona. Hongera, Mama. Huu kweli ndio wenyewe."

Nyamizi alikuwa amesimama na jembe lake. Hakulalamika. Alimtazama Mwavita tu, na kwa mtazamo ule Mwavita akaona shamba zima likiwa na mabati juu yake, na watu wa ng'ambo ya kilima wakirudi wakati wa mavuno na kusomewa sheria fupi. Akaona pia taya likitolewa kwenye usingizi wa nusu saa, kesho au mwaka ujao, jua litakapowakera tena.

Ndipo akaketi. Aliketi juu ya pale palipolowa, akanyoosha miguu yake ya kizee mbele, akaweka sanduku tupu kando.

"Sogea kidogo, Mama," alisema mwenye nyundo.

"Sisogei."

Bwana Kaduma akachuchumaa mbele yake. "Mama, usitupe taabu. Watu wamechoka."

"Najua wamechoka. Mimi ndiye niliyeanza kuchoka." Akapangusa pua kwa pindo la kanga, lile la pilipili, lakini pilipili zilikuwa zimekufa zamani. "Kigingi hakichomekwi juu ya mtu aliye hai. Sheria hiyo mliitunga wenyewe Mwisho wa Tano, baada ya kigingi kutoboa mguu wa kijana mmoja. Mimi niko hai, Kaduma. Nikikaa hapa, hapa si kaburi. Ni mahali mtu amekaa."

Kaduma alifikiri. Alikuwa mtu wa sheria, na angeweza kumwinua mwanamke yule kwa mkono mmoja, lakini sheria isiyomzuia anayeibeba atawezaje kuwasomea wengine? Alimtazama magoti, akamtazama ngozi ya shingo, na polepole uso wake ukalegea kwa huruma ya kweli.

"Sawa," alisema. "Hatuna haraka. Wewe ni mtu mzima. Tutasubiri."

Aliposimama aliwaeleza wengine kwa sauti ya chini, nao wakaelewa, wakatikisa vichwa kwa upole. Mmoja wao alikwenda kulichukua sanduku tupu, akalipangusa vumbi, akaliweka kivulini lisipasuke. Wakaketi kulizunguka shamba, nje ya mstari wa mwisho wa mtama. Waliketi wakiwa na nguo za sikukuu, nguo zikachakaa, wakavaa nyingine. Walijenga vibanda vya kusubiria. Katika vibanda hivyo watoto walizaliwa, wakafundishwa kukaa kimya na kumtazama bibi aliyeko shambani, na asubuhi kila mmoja alipoamka alichungulia kwanza upande ule kuona kama kifua chake kinapanda. Kinapanda. Wakarudi kuchemsha chai. Jua lilizama mbele yao mara moja au mara elfu, mtama ukakomaa, watu wa ng'ambo ya kilima wakaja na kuvuna pande zote za mwanamke aliyeketi, wakimpa habari za malisho, na hakuna aliyewasomea kitu, kwa kuwa nchi ilikuwa bado haijafunguliwa.

Na yeye, aliyekuwa amechoka kuliko wote, ambaye hakuomba kingine ila kulala asiamshwe, aliketi akihisi chini yake jino moja lililomeguka likipumzika, na akalitambua jambo ambalo lingemchekesha kama mbavu zisingemuuma. Katika taifa lile zima, kila mtu alikuwa huru kufa isipokuwa yeye. Akisinzia vibaya tu, shamba limekwenda. Kiti alichokitamani miaka yote kilikuwa hapo karibu kabisa, na asingekikalia. Alikasirika. Aliwakasirikia wote, na Makange kwanza, kwa kufa mapema kiasi kile na kumwachia kazi ya kuishi. Hasira ilimpasha mwili joto kidogo.

Nyamizi alikuja akipita kati ya mistari, bakuli la uji mkono mmoja, majembe mawili begani.

"Kunywa ungali moto," akasema. Akaketi kando yake, wakiwapa mgongo wale wanaosubiri. "Magugu yameota tena upande huu. Kesho tuanzie hapa ulipo, tuzunguke tukirudi, usiende mbali. Utaamka?"

Mwavita alishika bakuli kwa mikono miwili. Ng'ambo ya mtama watu wa taifa lake walikuwa wamenyoosha shingo, wanamtazama kwa heshima zote, wanahesabu anavyomeza.

"Nitaamka," akasema.